Kasuku, Simu Yako!

Leo nimetukana wafu. Wamenisikia.

Naandika nikiwa nimekalia mfuko wa njegere za friza (sababu mtaiona huko mbele, msinikimbize). Mguu mmoja una soksi, wa pili sijui soksi yake iko wapi katika nchi hii. Wanjiku ameniomba nisiandike. Wanjiku ndiye chanzo cha yote, kwa hiyo naandika.

Nianzie ukutani.

Kwenye korido yangu hapa Rissne, Sweden, kando ya mlango, kuna simu. Si ya kupigia Kigoma. Ni ile ya lango: mgeni anabonyeza jina lako kule chini, huku juu inakoroma, unainua mkono wa simu, unauliza nani, unamfungulia. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara, na waya wake umejikunja kama mkia wa nguruwe. Na imekufa. Tangu nihamie humu ilikuwa imekufa, maana wenye nyumba waliweka mtambo mpya, na siku hizi mgeni akibonyeza ni simu yangu ya mkononi inayolia. Hii ya ukutani wameiacha pale kama pembe za mnyama aliyewindwa na mtu mwingine.

Mimi naipenda. (Naandika riwaya. Watu wa riwaya hupenda vitu visivyofanya kazi, kuanzia sisi wenyewe.) Kila ninapotaka kuandika, kwanza nauinua ule mkono na kuuweka sikioni. Hamna kitu mle. Kimya chenye vumbi. Lakini kimya hicho nakifahamu tangu utoto.

Maana riwaya yangu inahusu simu. Mtaani kwetu Mwanga, Kigoma, tulikovukia ziwa kutoka Kongo, simu ilikuwa moja tu, ya Mama Salome. Nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, imekaa kwenye kigoda chake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Gurudumu la namba lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Salome pamoja na msalaba. Laini yenyewe haikuwa yake peke yake. Waya ule ule ulikwenda mpaka zahanati. Ukiinua simu wakati mbaya unamkuta muuguzi anamweleza daktari habari za majipu ya baba wa rafiki yako, na yeye anakusikia unavyopumua. Kwa hiyo mtaa mzima ulijifunza kupumua kidogo kidogo.

Simu yako ikiingia, Mama Salome alitoka barazani na kupiga ukelele. Mimi alikuwa ananiita Kasuku, kwa sababu ya maneno mengi. "Kasuku! Kasuku wee! Simu yako! Njoo kabla haijakatika!" Nami nilikuwa natoka mbio, napita kwa muuza mkaa, naruka mtaro, nafika nahema. Upande wa pili alikuwa baba, Lubumbashi, alikokwenda kutafuta kazi.

Siku moja nilifika, ikawa imekatika. Nilikuwa na miaka saba. Niliushika ule mkono wa simu nikaita haloo, haloo, mpaka giza likaingia. Baba hakupiga tena. Haukupita muda tukaletewa habari kwamba hatapiga tena. Nimekuwa mtu mzima, nimepanda ndege, nimejifunza kusema Kiswidi cha ofisini, na bado kuna kitu kimoja nataka kukijua hapa duniani: baba alikuwa anataka kuniambia nini? Riwaya yangu yote inakwenda kwenye swali hilo, ikifika pale inasimama kama punda. Haina sura ya mwisho. Mtu pekee aliyekuwa ameshika simu ile ni Mama Salome, na Mama Salome amekufa. Niliambiwa na binamu yangu miaka mingi iliyopita. Nimemzika mwenyewe, sura ya tatu.

Na jambo moja zaidi, mnisamehe, bila hili hamtaelewa matusi yalitoka wapi. Bibi yangu aliogopa simu. Alikuwa na sheria yake: sauti isiyo na mwili usiiitikie. Ikikuita mara ya kwanza, nyamaza. Ikikuita mara ya pili, itukane, tena itukane vibaya, kwa sababu wafu ni watu wa heshima na hawavumilii matusi. (Alipoitwa kwa Mama Salome mara ya kwanza, alimtukana kaka yake mwenyewe aliyekuwa anapiga kutoka Kalemie. Kaka mtu akasema, "Ndiye huyu, nimemtambua.")

Sasa leo.

Leo kikundi chetu cha kusoma kilikuwa kinakuja kwangu, mara ya kwanza tangu nijiunge. Wanjiku, Mkenya anayekaa Fisksätra, rafiki yangu na mwenyekiti wetu. Mchungaji, Mkongo mwenzangu, msikilizaji mzuri sana na mla sambusa mzuri zaidi. Na wengine wawili watatu. Walikuwa wanakuja kunisikiliza nikisoma. Nimekaanga sambusa tangu mchana. Nimevaa kitenge kipya na kandambili za ndani. Nje ilikuwa saa tisa ya alasiri na tayari giza, lile giza la huku ambalo haliingii kwa hatua, linafungwa tu kama duka. Theluji imeganda, barabara inang'aa kama sahani.

Wageni hawajafika. Nikasimama koridoni nifanye mazoezi ya kusoma kwa sauti. Nikachagua sura ya tatu, mazishi. Nina sauti nzuri ya mazishi. Nikasoma: "Udongo wa kwanza ukaanguka juu ya sanduku, na ndani ya sanduku, Mama Salome, aliyewaita wote, hakuitwa na mtu…"

Simu ya ukutani ikakoroma.

Sikupiga kelele. Nataka mjue hilo. Nilisimama tu na karatasi zangu, nikiitazama. Ikakoroma tena, sauti ya chini, kama nzi mkubwa ndani ya chupa. Simu iliyokufa. Waya wake ukawa unatetemeka kidogo ukutani. Sambusa zilikuwa zinachuruzika mafuta jikoni, na jirani wa juu, ambaye huwa haachi kuburuta viti, saa hiyo aliviacha.

Nikauinua.

Mwanzoni ulikuwa upepo. Halafu, ndani ya upepo, pumzi. Si pumzi ya mtu mmoja. Walikuwa wengi, wanapumua kidogo kidogo, kama watu wanaoogopa kusikika. Mbali kabisa mtoto alikuwa analia, na karibu na sikio langu kitu kikakwaruza. Nikajua nimeinua laini ya pamoja. Ila sikujua ni pamoja na nani.

Ndipo ikaja.

"Kasuku!"

Jamani. Hakuna mtu Sweden hii anayenijua kwa jina hilo. Hata riwayani sijaliandika, msichana wa mle nimempa jina jingine. Sauti ilikuwa imezeeka, imekwaruzika pembeni, lakini ilikuwa yake. Ningeitambua hata chini ya maji.

Nikanyamaza. Sheria ya kwanza.

"Kasuku wee! Simu yako! Njoo kabla haijakatika!"

Mtaniambia nilikuwa nimechoka. Mtasema ni giza la huku. Sawa. Lakini niwaambie kilichonitisha zaidi ya sauti: miguu yangu. Miguu yangu ilitaka kukimbia, si kutoka kwenye ile sauti, kuielekea. Mdomo ulikuwa umeshaumba "abee". Kwa sababu kama Mama Salome ananiita, basi kuna mtu kwenye laini ananisubiri. Na kama kuna mtu ananisubiri…

Mwanamume akakohoa.

Kule ndani, nyuma ya zile pumzi, mwanamume mtu mzima akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayetaka kuanza kusema. Baba alikuwa anakohoa hivyo kabla ya kila sentensi. Nywele zangu zilisimama, na hizi ni za kusuka, fikirini wenyewe.

Hapo nikamwona bibi yangu, kidole hewani. Mara ya pili. Itukane.

Nikaitukana.

"Potelea mbali, mzoga wewe!" nikasema. Nilianza kwa sauti ya kawaida, kisha ikapanda yenyewe. "Kinywa kinanuka kaburi! Nani kakutoa ulikolala? Umeoza, umekwisha, hata funza wamekuchoka! Nimekuzika mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili, sura ya tatu, na mvua ikanyesha juu! Rudi chini! Rudi ujifunike! Na huyo anayekohoa hapo nyuma, mwambie naye akajikoholee kuzimu kwake, kibwengo asiye na makalio!"

(Hayo ndiyo ninayoweza kuyaandika. Bibi alinifundisha mengi zaidi, na nililipa kila somo heshima yake.)

Pumzi zote zikasimama kwa pamoja.

Halafu yule mwanamume akasema, kwa upole mwingi:

"Hallå?"

Baba hakuwahi kusema "hallå" maishani mwake. Ile sauti ilikuwa ya Göran. Göran wa ghorofa ya pili, mstaafu, ambaye kila Krismasi huniletea mikate ya zafarani.

Na nyuma ya Göran, sauti ya Wanjiku, taratibu, kama mtu anayeongea na mlevi aliyeshika kisu:

"Riziki. Fungua mlango. Uko kwa spika. Mtaa wote unakuskia. Na pastor yuko hapa."

Sasa ndiyo nikapewa maelezo, yote kwa pamoja, kupitia kitu kile kile. Mafundi walikuwa langoni tangu asubuhi. Mtambo mpya umekataa baridi, kwa hiyo wamerudisha ule wa zamani kwa siku moja, na wameurudisha kwa haraka zao: ukibonyeza jina moja, simu za nyumba zote za ngazi yetu zinakoroma. Majirani wote waliinua. Zile pumzi zilikuwa za ghorofa zote. Mtoto anayelia ni wa ghorofa ya kwanza.

"Na yule mama?" nikauliza. "Aliyeniita?"

"Surprise yangu," Wanjiku akasema, na sauti yake ikavunjika katikati, sijui kwa kicheko au kilio. "Ni mamake Leah, ule nafanya naye usafi airport ya Arlanda. Amekuja kuwatembelea kwao Märsta. Nilikuwa namwambia Leah story ya kitabu yako, ya simu ya Kigoma, mama akasema hiyo ni simu yangu! Nikamwambia akuite vile alikuwa anakuita. Nilidhani utafurahi, Riziki. Woi, nilidhani utafurahi."

"Mpe simu. Mpe, niongee naye!"

"Ameenda. Amesema haingii kwa nyumba ya mtu amemzika. Anaenda kupanda treni. Na kesho asubuhi anarudi Tanzania."

Mchungaji, nyuma yake, akasema kwa Kifaransa jambo linalomhusu Mungu.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka kwamba nilipogeuka kukimbia, mkono wa simu ulikuwa bado sikioni, na waya ukanyooka, ukanyooka, ukasema tak. Nikashuka ngazi nao. Göran alikuwa mlangoni kwake na koti la kuogea, amejikunja kidogo kunipisha. Langoni nilimpita Wanjiku, nikampita mchungaji aliyekuwa anaviangalia viatu vyake kwa makini sana, nikatoka nje na kitenge, kandambili, na simu isiyo na nyumba.

Njia ya kwenda kituo cha treni ya chini ya ardhi ina mteremko. Kwa mbali, chini ya taa, niliona umbo limevaa koti kubwa la mkwe wake, refu mpaka kwenye vifundo, na juu ya koti kanga imefungwa kichwani. Linakwenda polepole, halitazami nyuma. Theluji ilikuwa inaanguka baina yetu, na kila nilipopepesa macho lilikuwa limepungua kidogo, kama mtu anayefutwa. Nawaambia kweli, hata hapo sikuwa na hakika kama ninamfukuza mtu aliye hai. Nilijua tu kwamba akiingia chini ya ardhi na ile treni, safari hii amekwenda kweli, na jibu langu limekwenda naye.

"Mama Salome!" nikaita. "Mama Salome wee! Usikate!"

(Usikate. Ndivyo nilivyosema. Kwa mtu anayetembea.)

Nikakimbia.

Kandambili ya kulia ikaniacha kwanza. Ya kushoto ikafuata. Halafu ardhi. Niliruka nikalalia hewa, nikashuka kwa makalio, na mteremko ule hauna huruma. Treni ilikuwa imeingia muda huo huo na watu wanatoka kituoni, mabegi mgongoni, na wote, kwa adabu ya watu wa hapa, wakagawanyika pande mbili bila neno ili nipite. Nilipita katikati yao nimekaa, kitenge kifuani, soksi moja, nimeinua simu juu isivunjike. Mtoto mmoja akanipungia mkono.

Nikakomea kwenye viatu vya Mama Salome.

Akanitazama. Uso wake ulikuwa mdogo ndani ya lile koti, na mvuke ulikuwa unatoka mdomoni. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mvuke.

"Ndiwe uliyenizika?"

"Shikamoo, Mama," nikasema kutoka chini.

"Marahaba." Akafikiri. "Sanduku la mti gani?"

"La… la mninga, Mama."

"Mninga!" Kidogo uso ukalegea. "Na watu?"

"Mtaa mzima. Hata wa zahanati walikuja."

"Yule muuguzi alilia?"

"Alizimia, Mama."

"Haki yake, mnafiki yule." Akaikung'uta theluji mabegani. "Nilihama tu, mwanangu. Nilikwenda Mwanza kwa binti yangu Salome. Mwanga pale, ukihama bila kuaga kila nyumba, wanakuzika. Lakini wewe umezidi. Wao hawakusema kwamba naoza."

"Nisamehe, Mama. Nilidhani umekufa. Bibi alinifundisha…"

"Bibi yako!" Na hapo akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya taa. "Nikiwa pale mlangoni nikasema haya matusi nayajua. Haya nimeyasikia barazani kwangu."

Kisha akaona nilichoshika. Akaunyoosha mkono, nikampa. Akaufuta ule mkono wa simu kwa pindo la kanga, kama alivyokuwa anafanya siku zote kabla ya kumpa mtu, akauweka sikioni. Waya uliokatika ukawa unaning'inia na kuzunguka kwenye upepo. Alisikiliza kwa muda mrefu kiasi kwamba niliogopa. Watu walikuwa wamekwisha. Theluji ilikuwa inatua kwenye kope zake naye hapepesi.

"Siku ile baba yako alipopiga," akasema, macho yako mbali. Sikuwa nimemuuliza. Naapa, sikuwa nimemuuliza bado. "Nilikuita, nikarudi ndani nikaishika simu, nisimwache peke yake. Nikawa namwambia: anakuja, namwona dirishani, anakimbia, kampita muuza mkaa. Alikuwa anakohoa. Akacheka. Akaniambia, mwambie asikimbie, ataanguka. Ndiyo ikakatika."



"Ndivyo hivyo tu?" nikauliza.

"Ndivyo hivyo tu."

"Mbona hukuniambia, Mama? Miaka yote hii?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Ulikuwa umeshafika. Mtu amefika, unamwambia asikimbie? Ya nini tena?" Akanirudishia simu. Akanitazama nilivyokaa kwenye barafu, soksi moja, kitenge kimelowa, machozi yananiganda shavuni. Akainama, taratibu, kwa magoti ya kizee, na kunishika mkono. "Basi leo naona salamu ile ina kazi. Kasuku, baba yako anasema usikimbie. Utaanguka."

Tulirudi juu kwa mwendo wa watu wawili wanaobeba kabati. Mchungaji aliiombea nyumba, kisha akaombea na ule ukuta wenye tundu, kisha akala sambusa kwa idadi ninayomtunzia siri. Göran alipanda na mikate yake, Krismasi imeshapita, akauliza kwa heshima kama yale maneno ni shairi. Wanjiku akamjibu ndiyo. Sasa anataka kuyajifunza.

Nilisoma sura ya tatu mbele ya marehemu mwenyewe. Ametoa masahihisho: waombolezaji waongezwe, mvua ipunguzwe, na muuguzi aanguke akiwa amevaa wigi. Sura ya mwisho nimeanza kuiandika hapa hapa, juu ya njegere.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkinikuta kituo cha Rissne treni inaondoka nami natembea polepole kama bi harusi, msinicheke. Natii ujumbe wa simu.